Nilinunua skrini kubwa, ndege ikaanza kunizungusha kichwa

Jumapili iliyopita binamu yangu alitua uwanja wa Wilson mara 11 bila kutoka kwa keja yangu. Mara ya 9 alipitiliza akaishia kwa nyasi, akacheka, akabonyeza kitufe cha kurudia. Mara ya 11 alishuka polepole, magurudumu yakagusa bila kuruka, akavua hedifoni na kusema, "Bro, sasa hii inakaribia ile ya ukweli."

Wewe unaweza kuona ni sentensi tu. Mimi ilinigharimu wiki tatu, TV moja ya mtumba, rimoti mbili zilizokufa na picha za zamani za mathe.

Wacha nianze na binamu, manake bila yeye ningekuwa bado narusha ndege kwa kutumia kipanya kama miaka yote. Huyu dada alianza masomo ya urubani hapo Wilson mwaka jana. Mjomba aliuza gari kulipia mwanzo. Alipofika saa 17 hewani, pesa zikakata. Viwango vya kimataifa vinataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi, kwa hivyo hapo alikuwa katikati ya daraja, mbele hakuna mbao na nyuma kumefungwa. Kila saa ya ndege ni pesa ya watu kula miezi kadhaa. Na kabla hajasimama, mwalimu wake alikuwa amemwambia neno lililomuuma: "Unarusha ndege kama mtu anayechati." Yaani macho yako ndani, kwa saa na mishale, nje haangalii.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huo alinitoa mimi. Mimi ndiye nilimfundisha simuleta, miaka kabla hajakanyaga Wilson. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, niko na muda kuliko pesa, na usiku tulikuwa tunaruka Nairobi hadi Mombasa kwa kompyuta. Kwa skrini ndogo, nje kunaonekana kama kwa tundu la mlango, basi unazoea kutazama saa tu, kwa sababu saa ndizo zinazoonekana vizuri. Akapeleka tabia hiyo ndani ya Cessna ya ukweli, na mjomba akailipia.

Kwa hivyo aliponipigia na kusema anarudi Wilson baada ya wiki nne, amepata pesa ya saa chache, na anataka kufanya mazoezi ya mzunguko wa uwanja kwangu kila Jumapili, nilijua siwezi kumpa kipanya tena.

Kwa wale hawajui, mzunguko wa uwanja ni hivi: unaruka, unapanda, unapinda, unaenda sambamba na barabara ukiwa umeipa ubavu, unaipita, kisha unapinda mara mbili kurudi kutua. Swali zima ni lini upinde. Njia wanayofundishwa wengi ni kwamba mwanzo wa barabara ukifika digrii 45 nyuma ya bawa lako, geuka. Nyuma ya bawa! Hiyo ni digrii 135 kutoka pua ya ndege. Huwezi kuiona bila kugeuza kichwa, na kwa kompyuta ya kawaida kichwa chako ni kitufe. Unabonyeza, picha inaruka kwenda kushoto, unabonyeza tena, inarudi. Hakuna binadamu anayeangalia dirisha namna hiyo.

Hapo ndipo kifuatilia kichwa kinaingia. Kamera inakutazama, programu inasoma kichwa chako kimeelekea wapi, kisha inasukuma macho ya rubani ndani ya simuleta yaelekee huko. Inasoma mambo sita: kugeuka kushoto na kulia, kuinama na kuinuka, kulaza kichwa begani, halafu kusogea upande, juu na chini, mbele na nyuma. Skrini inabaki mbele yako. Ujanja ni kwamba mwendo unakuzwa, unageuza kichwa kidogo na picha inageuka sana, ndio macho yako yasitoke kwa skrini.

Mashine ya kununua ipo. Inayojulikana zaidi ni TrackIR ya kampuni ya NaturalPoint ya kule Oregon, Marekani, na toleo lake la tano lipo sokoni tangu 2009. Ni nzuri, lakini bei yake ukiongeza usafiri na ushuru inapita rent yangu. Tobii wana Eye Tracker 5 inayofuata kichwa na macho pamoja, ila hiyo imepimiwa skrini za kawaida zisizozidi inchi 27, na utaona hivi karibuni kwa nini hiyo ilinitoa kwenye foleni. Sisi wengine tuna opentrack. Ni programu ya bure kabisa, si ya kuiba, msimbo wake uko wazi. Unaweza kuilisha kwa kamera ya kawaida ya kompyuta, na ndani yake kuna akili ya mashine inayotambua uso wako bila kifaa chochote kichwani. Hata simu inafanya kazi: kuna programu inaitwa SmoothTrack ambayo inatumia kamera ya simu na kutuma data kwa Wi-Fi hadi opentrack. Ukiwa na simu ya maana, unaweza kuanza leo jioni.

Mimi nilianza na kamera ya kompyuta na monita yangu ya inchi 24. Nikaweka, nikacheza na mipangilio siku mbili, ikakubali. Nilikuwa nimeiseti digrii 20 za kichwa zitoe digrii 120 za picha. Mara sita. Nilijiona profesa.

Kisha nikaharibu kila kitu kwa kununua TV.

Jamaa wa jengo letu alikuwa anahama, anauza vitu. TV ya inchi 43, 4K, mstari mmoja mwembamba wa kijani pembeni, Sh18,000. Nikaona binamu akija Jumapili atapata dirisha la ndege badala ya tundu la mlango. Nikauza monita siku hiyo hiyo, nikaongezea, nikatuma pesa, nikabeba TV juu ngazi nne na mtoto wa jirani akishika kamba ya stima nyuma yangu kama mchukua shela wa bibi harusi.

Nikaiweka pale pale monita ilipokuwa. Nikawasha opentrack na mipangilio ile ile. Nikapaa. Dakika 6 baadaye nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika kichwa, kisunzi, mate ya kichefuchefu. Nikajaribu tena baada ya chai ya tangawizi. Dakika 4. Binamu alipokuja hakumaliza hata mzunguko mmoja. Alienda kwa dirisha la ukweli akapumua, halafu akaniuliza kwa upole ule unaoumiza, "Na ile monita umeuza?"

Nilifikiri TV ni mbovu. Shida ilikuwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la pili la sekondari. Shika rula ukae hapa na mimi kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo ingeniokoa wiki nzima.

Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwake, ukingo wake uko karibu digrii 24 kutoka katikati. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Ukikaa umbali ule ule wa sentimita 60, ukingo uko digrii 38. Sasa, mtu akitaka kuangalia kitu kilicho digrii 10 pembeni, hageuzi kichwa sana, macho yanafanya kazi. Kikiwa digrii 38, kichwa kinafuata chenyewe bila kuombwa. Kwa hivyo kila nilipotaka kutazama kipima mafuta kwa kona ya skrini, kichwa kiligeuka digrii 15 au zaidi, opentrack ikazidisha mara sita, na dunia nzima ikazunguka digrii 90 kunionyesha bawa. Nikijaribu kurudi, inapitiliza upande ule mwingine. Nilikuwa namfukuza kuku ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Halafu skrini kubwa inajaza pembe za macho, na pembe za macho ndizo zinazoambia ubongo kwamba mwili unasonga. Picha ikizunguka kwa kijiskrini, unaona video. Ikizunguka kwa inchi 43 sentimita 60 kutoka puani, ubongo unaamini umezunguka, masikio ya ndani yanasema hujatoka kwa kiti, na tumbo linaamua kesi.

Dawa ya kwanza ilikuwa umbali. Lakini mimi naishi bedsita, kumi kwa kumi, kitanda kinaanzia pale meza inapoishia. Nilipima kila kona. Nikigeuza kitanda kikae ukutani mwa mlango, ningepata sentimita 80 kutoka macho hadi skrini. Hapo ukingo unakuwa digrii 31 kila upande. Si mbali kama nilivyotaka, lakini inatosha. Mlango sasa unafunguka nusu. Wageni wanene samahani.

Dawa ya pili ilikuwa kamera, na hii hakuna mtu aliniambia. Kwa monita ndogo kamera ilikaa juu ya skrini, karibu usawa wa macho yangu. TV na miguu yake ina kimo cha sentimita 61 juu ya meza, macho yangu yako kama 45. Ongeza kamera yenyewe, iko juu yangu sentimita 17, inanitazama kama askari wa benki. Ukitazama mbele, sawa. Ukiinama kutazama saa za ndege, kamera inaona nywele. Uso ukipotea, programu inakisia, na makisio yake ni kwamba umeruka dirishani. Nikaishusha chini ya skrini, ikaanza kuona balbu ya dari nyuma ya kichwa changu, uso ukawa kivuli cheusi. Nikafikiria kufunga TV ukutani chini kidogo, nikaenda kumuuliza keateka kama naweza kutoboa. Aliniangalia muda mrefu. "Kijana, deposit yako unaipenda?"

Basi fundi wa kuchomelea hapo nje akanitengenezea stendi ya vyuma, miguu miwili, inasimama nyuma ya meza. Sehemu ya chini ya skrini iko sentimita 12 chini ya usawa wa meza. Kamera ikarudi juu ya skrini na sasa inanitazama usawa wa macho. Kama una nafasi ya kutoboa ukuta, toboa. Kama huna, kumbuka tu kwamba ukiongeza ukubwa wa skrini unaipandisha kamera pia, na unahitaji kuishusha kwa njia yoyote.

Bado binamu alikuwa anapoteza picha akigeuka kabisa kuangalia nyuma ya bawa. Uso ukiwa umegeuka sana, kamera inaona shavu na sikio. Pia mwanga ulisumbua. Hii ni kasoro ya kamera za bei ya chini: nyumba ikiwa na giza, kamera inaacha mlango wake wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha, na picha 30 kwa sekunde zinakuwa 15. Sasa fikiria TV ya inchi 43 inakumulika usoni. Ukiwa juu ya msitu, uso wako ni wa giza. Ukiingia mawinguni skrini nzima inakuwa nyeupe, uso unawaka, kamera inahangaika kujirekebisha, na ndani ya ndege kichwa chako kinatetemeka kama mtu wa malaria. Ukiwa na taa nzuri ya mbele unaweza kuishi na hiyo. Mimi tokeni za stima nazihesabu.

Hapo nikaamua kufanya ile njia ya wazee: taa tatu za infraredi kwa hedifoni.

Wazo ni rahisi. Badala ya kamera kutafuta uso, inatafuta nukta tatu zinazowaka. Nukta zikikaribiana, zikiachana au zikilala, programu inajua kichwa kimekaaje. Taa za infraredi jicho halizioni, kwa hivyo hazikusumbui. Na kila nyumba Nairobi iko nazo, ziko mbele ya rimoti. Nilipata rimoti mbili zilizokufa kwa fundi wa redio, akaniongezea moja ya bure. Shida ya taa ya rimoti ni kwamba mwanga wake unaenda mbele tu kama tochi, na ukigeuka kidogo kamera haiuoni. Chukua tupa au msasa, sugua ile ncha ya mviringo hadi iwe bapa na yenye ukungu, mwanga utatawanyika. Fundi wa simu alinichomea taa tatu kwa mfululizo na resista moja, zikala umeme wa USB. Usizichomeke moja kwa moja bila resista, utazichoma, nimefanya hiyo majaribio kwa niaba yako. Kujua kama zinawaka, zitazame kwa kamera ya mbele ya simu, nyingi huziona kama mwanga wa zambarau.

Kamera nayo inahitaji kufunguliwa. Kamera za kawaida zina kioo kidogo nyuma ya lenzi cha kuzuia infraredi, na lazima kitoke. Mimi nilikuwa na kamera ya PS3, ile PlayStation Eye ya 2007, niliipata kwa meza ya mtumba katikati ya chaja na Bibilia. Inatoa picha 60 kwa sekunde, na lenzi yake ina sehemu mbili, digrii 56 na digrii 75. Kwa mtu aliyekaa mbali sentimita 80, ile ya 56 inakufaa zaidi, kwa sababu nukta zinaonekana kubwa. Lakini kumbuka kuiambia opentrack umetumia ipi, la sivyo hesabu zake za umbali zote ni uongo.

Baada ya kutoa kile kioo, unahitaji kitu cha kuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Hapa ndipo picha za mathe zilipoingia. Filamu ya rangi ya zamani, ile negativu, ina kipande cha mwanzo kilichopigwa na jua kabla ya kuingia kwa kamera. Kikioshwa kinakuwa cheusi. Jicho halioni kupitia kwake, infraredi inapita kama hakuna kitu. Vipande viwili juu ya lenzi, na kamera inaona nukta tatu nyeupe kwa giza, basi. Nilimpigia mathe kuomba. Alikaa kimya. "Hizo ni za harusi yangu." Nikamweleza ni ule mkia tu ambao hauna picha. Akasema nije nikate mwenyewe mbele yake, na nilienda hadi Thika nikakata mbele yake.

Mambo matatu kuhusu hii kitu ya taa. Dirisha lifungwe pazia mchana, jua limejaa infraredi na programu itaona nukta ya nne na kuchanganyikiwa. Pima umbali wa taa zako kwa milimita na uuandike sawasawa kwenye opentrack. Pale pale kuna sehemu ya kuieleza kichwa chako kiko wapi ukilinganisha na taa. Ukiruka hiyo, kila ukigeuza shingo ndege itadhani umesogeza kiti. La mwisho ni upande wa kufunga. Sisi tulifunga hedifoni sikio la kushoto, na kila binamu akigeuka kushoto kutafuta barabara, uso wake ulizificha taa. Tukahamishia kulia. Ukigeuka kushoto, sikio la kulia linakuja mbele kwa kamera. Ilituchukua Jumapili nzima kugundua kitu ambacho mtoto angeona.

Sasa tukarudi kwa ile mara sita yangu. Ndani ya opentrack kuna sehemu ya grafu, kila mwendo na mstari wake. Upande mmoja ni kichwa chako, upande mwingine ni picha. Mtu akikuuliza skrini kubwa inataka nini, jibu liko hapa, na mimi nilikuwa nimelifikiria kinyume. Nilidhani skrini kubwa inataka kukuzwa zaidi. Inataka kidogo.

Angalia. Kwa skrini ndogo ukigeuza kichwa digrii 40, pua inaelekea ukutani na macho yanalazimika kurudi digrii 16 kupata hata ukingo wa skrini. Kwa hivyo unalazimika kukuza sana ili usigeuke sana. Kwa TV yangu ukingo uko digrii 31. Nikigeuka digrii 40, ukingo uko digrii 9 tu kutoka puani, bado ni kama uko mbele yangu. Naweza kugeuka kama mtu anayegeuka. Nikaweka digrii 40 za kichwa zitoe 140 za picha, mara tatu na nusu, na mitetemo yote midogo ya shingo ikapungua kwa kiasi hicho hicho. Zile digrii 10 za mwanzo nikazilaza kabisa, digrii 10 za kichwa zinatoa 5 za picha, ndio uweze kutazama kona ya skrini bila ndege kukufuata. Baada ya hapo mstari unapanda. Usiweke kona kali kwenye grafu, mahali mstari unapovunjika utapahisi kwa shingo kama tuta barabarani.

Kuinama nilikuza kidogo tu. Kulaza kichwa begani nimezima, watu wanapenda, mimi naona kinaleta kisunzi bure. Lakini kusogea usizime. Cessna 172 ina bawa juu ya kichwa. Ukipinda kushoto bawa linashuka na kuifunika barabara pale pale unapoitaka. Rubani wa ukweli anainama mbele kidogo, anachungulia. Binamu alipofanya hivyo mara ya kwanza kwa kiti changu cha plastiki, barabara ya Wilson ikatokea chini ya bawa, na alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Picha kwa sekunde nitapita haraka kwa sababu inanikera. TV ya 4K ina pikseli 8,294,400. Monita yangu ya zamani ilikuwa na 2,073,600. Mara nne kamili, na kadi yangu ya grafiki ni ile ile ya mtumba. Nikiwasha kila kitu napata picha 13 kwa sekunde, na kifuatilia kichwa kwa picha 13 ni mateso, kwa sababu unageuka sasa na dunia inageuka baadaye. Shusha ubora ndani ya simuleta hadi upate 30 zisizoyumba. Mawingu yatakuwa kama pamba ya duka la dawa, sawa tu. Pia ingia kwa mipangilio ya TV utafute hali ya michezo, TV bila hiyo huchelewesha picha ikiipamba. Na angalia kebo: yangu ya zamani ilikuwa inatoa mara 30 kwa sekunde tu kwa 4K, nikalaumu kadi wiki nzima.

Jumapili ya pili baada ya grafu mpya binamu aliruka saa moja na nusu bila kuomba maji. Alinirekebisha vitu vingi. Alisema ardhi inaonekana mbali kuliko ukweli, tukagundua nilikuwa nimefungua pembe ya picha pana mno ili nione saa zote pamoja. Ukikaa sentimita 80 kutoka TV yangu, skrini inachukua digrii 62 za macho. Ukiweka simuleta ionyeshe 90 ndani ya hizo 62, barabara inasinyaa, inaonekana mbali, na unazoea kuanza kuinua pua wakati usiofaa. Kwa mchezo haidhuru. Kwa mtu atakayekuwa kwa ndege ya ukweli Jumanne, inadhuru. Tukairudisha karibu na 65, na saa ambazo hazionekani, anainama kuzitazama. Si ndiyo kazi ya kichwa?

Nisikudanganye, hizi saa za keja hazihesabiki popote. Haziingii kwa kitabu chake cha saa za kuruka, na kiti changu hakitetemeki, hakuna upepo unaokusukuma. Kuna jambo lingine lilinitia wasiwasi: kwamba atazoea kugeuka digrii 40 akidhani ni 140, afike Wilson shingo iko mvivu. Nilimuuliza. Akasema mwili unajua tofauti, kinachobaki ni ile tabia ya kuuliza "barabara iko wapi" kila sekunde chache. Sijui kama alikuwa ananipa moyo.

Alirudi hewani Jumanne. Nilikaa na simu mkononi asubuhi yote kama mtu anayengoja matokeo ya KCSE. Saa saba kasoro akatuma ujumbe wa sauti, nyuma kuna kelele ya injini ikizimwa. Alisema alitua mara tano, moja mbaya. Alisema mwalimu hakusema lolote kuhusu kuchati. Alichosema ni kwamba sasa anaangalia nje sana, hadi kasi ya ndege ikashuka wakati wa kupinda na hakuona.

"Kwa hivyo Jumapili," binamu akasema, "ile grafu ya kuinama uiongeze kidogo, nataka kufika kwa saa ya kasi haraka. Na ununue tokeni mapema, usinizimikie hewani tena."